Dumu Ambalo Hukulirusha

Mwanangu Lusungu,

Salamu utazipata kesho alfajiri nikikushika mkono pale stendi, kwa hiyo sitazipotezea karatasi. Sasa hivi wewe uko Makambako unawaaga watoto unaowafundisha kule, na bila shaka upepo wa Makambako unakupaka vumbi usoni. Mimi nimekaa mbele ya cherehani yangu hapa Mjimwema, nimeifunika kitambaa nimeifanya meza. Nimeamua kuandika mchana, jua likiwepo, kwa sababu ikifika usiku nitalia, na mtu anayelia huandika mambo ambayo asubuhi mwenyewe akiyasoma anaona aibu.

Habari za blanketi, dawa na chakula cha njiani sitazigusa. Begi umelifunga, nikalifungua, ukalifunga tena, na ugomvi wa sweta la ziada umeshinda wewe. Haya, nenda bila hilo sweta. Wanasema Mwanza kuna joto. Mimi ni mtu wa Njombe, na habari za joto huwa siziamini mpaka zinikute.

Ninachotaka kukuandikia ni jinsi maji yalivyoingia nyumbani kwetu. Upande wako unaujua. Upande wangu nimekusimulia vipande vipande, na kila nikisimulia nilikuwa najipendelea. Leo nitajitahidi kutojipendelea sana, maana kesho unakwenda kusomea ualimu kwenye mji ulio ukingoni mwa ziwa, na ziwa lile, mwanangu, limekuwa likininyima usingizi tangu barua ya chuo ilipofika.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la kwanza. Watu wa mtaa na wa kanisa walitutendea wema mkubwa. Walileta mahindi kwa madebe, viazi, kuni, na mmoja alileta hadi sabuni. Mdomoni nilishukuru. Moyoni nilikuwa naungua, kwa sababu kila aliyeleta debe alikaa kidogo, akaangalia kuta zetu, akaangalia viatu vyako, halafu akatikisa kichwa. Leo najua huruma yao ilikuwa ya kweli. Siku zile nilichoona ni kichwa tu kikitikiswa. Nikaapa kwamba mtoto wangu hatasimamishwa mbele za watu ahurumiwe, na nikakaa kwenye cherehani hii kama mtu aliyefungwa kamba. Nilishona sare za shule mpaka vidole vikawa na sugu, na ulipofika darasa la sita watu hawakuniita tena mjane. Waliniita fundi.

Miaka hiyo ndipo parachichi lilipowapanda watu wa Njombe kichwani. Mashamba ya mahindi yakageuka mashamba ya miparachichi, na kwa kuwa mti ule hautaki kukaa na kiu wakati wa kiangazi, kila mwenye uwezo akachimba bwawa. Hayakuwa mabwawa ya tope kama yale ya zamani, ambayo mtoto akianguka anapanda na matope yake anakwenda nyumbani kuchapwa. Haya yalichimbwa kwa mashine, kuta zikakatwa mteremko mkali, yakatandikwa nailoni nene nyeusi ili maji yasinywewe na ardhi. Nailoni ile ikilowa inateleza kama bamia. Mtu mzima akitumbukia hapandi, sembuse mtoto. Mwaka ule tukasikia habari ya mtoto wa upande wa Wanging'ombe aliyefuata mpira wake ndani ya bwawa la namna hiyo, na hakutoka.

Baba Lutengano, mzee wetu wa kanisa, ndiye aliyekuwa na bwawa kubwa kuliko yote ya huku kwetu. Habari ile ilimkosesha raha. Akalizungushia bwawa lake nguzo na waya, akaweka na kufuli. Mwalimu Hilda aliyekuwa anakufundisha, yule mzaliwa wa mwambao wa Nyasa kule Ludewa, akamwendea akamwambia kwamba kufuli lake ni zuri sana, ila mabwawa mengine yote hayana kufuli. Akamwambia watoto wa Njombe wanajua kupanda miti, kulima na kuchunga, lakini wakitumbukia majini wanakwenda chini kama mawe. Akamwomba bwawa awafundishie. Mzee alifikiri wiki nzima, maana maji yale yalikuwa ya miti yake, kisha akakubali. Akafunga kamba zenye mafundo upande wa mbele wote ili mtu apate pa kushika akipanda.

Baridi ndiyo iliyowachekesha watu. Kuogelea Njombe? Lakini Mwalimu Hilda alikuwa ameliona jambo ambalo sisi wenyeji hatukulifikiria. Nailoni nyeusi ikipigwa na jua la Oktoba inayapasha maji, na ikifika saa nane mchana bwawa lile lilikuwa na joto kuliko nyumba yangu.

Ada ilitoka mnadani. Huko uendako ukiwasimulia wenzako mnada wa kanisani kwetu watacheka, lakini wasimulie tu. Waambie kwamba Jumapili baada ya ibada, asiye na fedha huleta kuku, muwa, au bakuli la mayai, na mzee wa kanisa anaviuza pale nje kwa anayepanda dau. Waambie kwamba mnunuzi akiguswa anasema "namrudisha," na kuku yule yule anauzwa tena. Mwaka ule kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu aliyeuzwa na kurudishwa mpaka akazoea, akawa ametulia mikononi mwa Baba Lutengano kama mwenyekiti wa kikao. Jogoo huyo ndiye aliyewalipia watoto nguo, taulo, chai ya moto ya kunywa wakitoka majini, na posho ya vijana wa kukaa ukingoni na kamba. Walengwa walikuwa watoto wanaolelewa na bibi zao, yatima, na wale ambao wazazi wao hawana kitu. Kila aliyepata mfadhili aliitwa jina, akasimama mbele na mfadhili wake wakishikana mikono, na watu wakapiga makofi.

Tumaini aliitwa. Rafiki yako huyo alikwenda mbele bila viatu, anacheka, na bibi yake, Bibi Eliza, akapiga vigelegele vya kusikika mpaka barabarani. Bibi Eliza alikuwa anauza mchicha kwa kutembeza, na sidhani kama palikuwa na mtu maskini kumzidi pale kanisani. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu mama hana hata aibu.

Kisha likaitwa jina lako.

Ulishaanza kuinuka. Nilikushika gauni kwa nyuma ukakaa kama gunia. Nikasimama mimi, nikasema mbele ya wote, "Mtoto wangu ana mzazi."

Baba Lutengano alikohoa, akaita jina lingine. Tukirudi nyumbani nilizungumza njia nzima habari za kichomi. Nilisema maji yanaleta kichomi, nilisema kifua chako ni chepesi, nilitaja watoto waliolazwa kwa kichomi ambao hata sikuwa na hakika kama waliwahi kuzaliwa. Nilikuwa najua ninaloongea si kweli. Sikuogopa kichomi hata kidogo siku ile, niliogopa vile vichwa kutikisika.

Sasa tuje kwako, maana na wewe si malaika. Wiki iliyofuata ukaanza mazoezi ya kwaya. Nikafurahi. Mtoto anakwenda kwaya Jumatano na Jumamosi, anarudi amefunga kitambaa kichwani, nywele mbichi, ananiambia mvua imemkuta njiani. Na Njombe yetu hii mvua inanyesha inapotaka, kwa hiyo nilikuwa nakukausha kwa taulo na kuilaani mvua. Mwalimu Hilda ulimwambia mama ameridhia ubebe taulo na birika la chai, na baadaye kwamba ameridhia uingie majini. Ulidanganya watu wazima wawili kwa mpigo, na wote tukakuamini. Nilipojua nilitaka kukuchapa, ila nilipojua nilikuwa katika hali ambayo singeweza kumchapa mtu.

Ilianza kwa kazi yangu mwenyewe. Mwalimu Hilda aliniletea oda ya nguo za kuogelea za watoto wote. Nikaipokea kwa sauti ya kibiashara, kwamba sina ugomvi na kazi. Nguo ya kuogelea sikuwahi kuiona. Yeye alisema kaptula na blauzi, na kaptula ninazijua. Nikakata tetroni ile nzito ya sare, nikashona kwa ustadi wangu wote. Nikaweka pindo pana la kukunja, kama tunavyofanya kwenye sare ili mtoto akirefuka lifumuliwe. Blauzi nikazipa kola. Na kila kaptula nikaipa mifuko miwili mirefu, yenye bitana.

Watoto wakaingia nazo majini. Mifuko ikajaa, mapindo yakajaa, kola zikawafunika midomo. Tumaini alifika katikati ya bwawa, kaptula yake ikabaki nyuma. Mwalimu Hilda alizirudisha zikiwa kwenye beseni, zinavuja maji, naye anacheka mpaka anashika ukuta. Kusema kweli nilikasirika. Nilimwambia nguo zangu hazina tatizo, tatizo ni hao watoto hawajui kuogelea. Akaniambia, "Basi njoo uone mwenyewe, Mama Lusungu," akaondoka na beseni lake na nguo zote.

Jumamosi nikaenda. Ila sikupita getini kama mtu mwenye heshima zake. Sikutaka wale wafadhili waliokuwa wamekaa ukingoni waniulize lolote, kwa hiyo nikazunguka kwa nyuma, katikati ya miparachichi, nikainua waya nikapita chini yake. Nilikuwa nimevaa sweta, juu yake sweta lingine, na vitenge viwili. Huku nyuma hakukuwa na kamba hata moja. Nikasogea, nikanyoosha shingo, nikaona vichwa vya watoto vinaelea kama maboga, na kichwa kimoja kilikuwa cha mtoto wangu ambaye muda huo alitakiwa awe anaimba sauti ya pili.

Nilitaka kuita jina lako. Nikapiga hatua moja, mguu ukakuta nailoni.

Hapa sitajipendelea. Sikuanguka kama watu wanavyoanguka. Nilishuka nimekaa, taratibu, nikiwa na muda wa kutosha wa kufikiri kwamba watu wananiona. Halafu maji yakanifunika na mawazo hayo yakaisha yote. Masweta yalikunywa maji yakawa mazito kama mizigo. Nilijaribu kupanda nikateleza, nikajaribu tena nikateleza, na kila nilipofungua mdomo kuita, maji yaliingia kabla sauti haijatoka. Nikajua nakufa. Na lililoniuma sana, mwanangu, ni kwamba nakufa umbali wa hatua chache na wewe, na jambo la mwisho nililolishika kwako ni gauni lako, nikikuzuia.

Ndipo nikasikia sauti yako. Haikuwa ya kupiga kelele. Ulikuwa umefika karibu, lakini si karibu sana, na leo najua ulifundishwa hivyo, kwamba anayezama akikushika mnazama wote. Ulikuwa unasukuma lile dumu tupu la njano la mafuta ya kula lililofungwa kamba. Ukasema, "Mama, acha kupigana na maji. Shika dumu, ulale chali."

Unanijua. Tangu nizaliwe sijawahi kuambiwa jambo na mtu nikalifanya pale pale. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ananiambia kinyume cha anachotaka ili nifanye anachotaka. Siku ile mtoto wa darasa la sita aliniambia nilale, nikalala. Nikalikumbatia lile dumu, nikaangalia juu, nikaona mawingu, nikaona maji yananibeba. Ukaita wenzako ng'ambo waivute kamba. Nikavutwa bwawa zima, miguu mbele, na walionivuta walikuwa Tumaini na watoto wale wote ambao niliwaona hawana aibu.

Nilipotoka vijana walinivua masweta, wakanifunika taulo tatu. Nikapewa chai. Ilikuwa chai ya watoto wa kufadhiliwa, kwenye kikombe cha bati, imetiwa tangawizi. Nilikunywa nikaongezewa. Ulisimama mbele yangu maji yanakudondoka, unangoja nikugombeze, na mimi meno yalikuwa yanagongana. Nilichoweza ni kukushika gauni. Ila hukuwa na gauni, ulikuwa na ile kaptula yangu mbaya, na nilipoishika nikakuta mfuko umejaa maji mpaka juu.

Wiki hiyo sikulala vizuri, wala si kwa kuota nazama. Nilikuwa nawaona wale watoto wanavuta kamba. Hakuna hata mmoja aliyetikisa kichwa. Waliniangalia kama mtu aliye majini anayetakiwa kutoka, basi. Nilianza kujiuliza ni miaka mingapi nimekuwa nikifukuza mikono ya watu kwa sababu ya macho yao.

Jumapili iliyofuata, majina yalipokwisha kuitwa, nikasimama. Moyo ulinidunda kuliko siku ya harusi yangu. Baba Lutengano akadhani nimekuja kufadhili, akatabasamu, akaniuliza kwa sauti, "Mama Lusungu, wewe unamfadhili nani?"

Nikasema, "Simfadhili mtu. Naomba kufadhiliwa. Mimi na mtoto wangu."

Watu wakacheka kwanza, wakidhani utani. Halafu wakaona sicheki. Baba Lutengano hakujua afanye nini, maana hapajawahi kutokea mtu mzima kuomba kufundishwa kuogelea, tena fundi mwenye duka. Akamwinua jogoo juu ili apate la kufanya. Palikuwa na wafanyabiashara wa mbao pale, palikuwa na wenye miparachichi, nikajua mmoja wao atapanda dau. Nikasikia sauti nyuma yangu ikisalimu kwa Kibena: "Kamwene, wapendwa."

Alikuwa Bibi Eliza. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa alichokuwa nacho. Akasema, "Huyo jogoo ni wangu. Na ninamrudisha kwa ajili ya mwenzangu Mama Lusungu."

Hakuna aliyepanda dau juu yake. Wale matajiri wote walinyamaza, na nawapenda hadi leo kwa kunyamaza kwao. Bibi Eliza akaja mbele na kandambili zake, akanishika mkono kama ilivyo desturi. Mkono wake ulikuwa unanuka mchicha. Hakuniuliza mbona siku zote nampita njiani bila kumsalimia. Aliniambia tu kwa sauti ya chini, kwa Kibena, kwamba nikijifunza nimfundishe na yeye, na akacheka kwa pengo lake. Nililia mbele ya kanisa zima, mwanangu, mbele ya vichwa vyote nilivyoviogopa, na haikuniua.

Mengine unayajua, maana mwalimu wangu ulikuwa wewe. Mwalimu Hilda alikuwa na watoto wengi, akakukabidhi mimi. Hukunihurumia hata kidogo. Ulinifanya nipulize maji kama mtoto mchanga. Uliniambia miguu yangu inapiga maji kama ninakanyaga cherehani, na ilikuwa kweli. Nami nikakulipa kwa kazi. Nilikwenda Makambako mnadani kwa mitumba, nikachagua mataiti yale ya kuvutika, nikayakata, nikashona kwa mshono wa kuvutika, bila kola, bila pindo, bila mfuko. Watoto walipoyavaa waliteleza majini kama kambare. Mwalimu Hilda alinishika mabega akaniambia sasa nimekuwa fundi. Nilijifanya sikusikia, ila niliirudia sentensi hiyo kichwani mpaka nyumbani.

Kisha ikafika siku ya kuvuka. Watu walijaa ukingoni na miavuli, wamevaa masweta, wamebeba viazi vya kuchemsha kama wanakwenda kwenye mpira. Watoto wakavuka mmoja mmoja, kutoka upande usio na kamba mpaka upande wa kamba, na kila aliyegusa fundo alipigiwa vigelegele. Tumaini alivuka na kaptula yake ikiwa mahali pake. Wewe ulivuka kama mtu anayetembea uani kwake. Mwishoni nikabaki mimi, katika taiti nyeusi na fulana, mwanamke mzima, fundi, mjane, nimesimama mbele ya Njombe nzima kwa mapaja yaliyobanwa. Nikaingia.

Nilifika katikati nikachoka. Si kuchoka kwa mikono. Nilikumbuka. Mwili ulikumbuka ile siku, miguu ikaanza kwenda chini, nikageuza kichwa kukutafuta. Ulikuwa unatembea ukingoni sambamba na mimi, dumu la njano mkononi, kamba umeizungusha tayari. Nilikuangalia kwa macho ya kuomba. Ulisimama. Niliona mkono wako unarudi nyuma kama wa mtu anayetaka kurusha, na niliona unavyoung'ata mdomo wako wa chini. Ulikuwa mtoto mdogo, unamwangalia mzazi mmoja uliyebaki naye, katikati ya maji.

Hukulirusha. Ulisema tu, "Lala chali kwanza, mama. Pumzika. Halafu njoo."

Nikalala chali. Nikapumzika. Halafu nikaja.

Nilipogusa lile fundo la kamba sikusikia vigelegele, ingawa wanasema Bibi Eliza nusura aanguke majini yeye mwenyewe. Nilichosikia ni dumu likidondoka kutoka mkononi mwako, na wewe ukilia kwa mara ya kwanza tangu yote yaanze. Ndipo nikajua nani alikuwa na kazi ngumu siku ile. Mimi nilivuka maji tu.

Angalia sasa yamefika wapi. Bwawa la Baba Lutengano lina kamba pande zote, na wenye mabwawa wengine wameiga. Mwenye nyumba ya wageni kule Makambako ametoa kibwawa chake, na wewe umekuwa ukifundisha humo tangu ulipokuwa kidato cha tatu. Majuzi wametupigia kutoka Ipelele, kule Makete, kwenye baridi ambayo hata sisi tunaiogopa, wanauliza kama kaptula zetu zinashonwa na za sufu. Mwaka jana yule mtoto wa jirani aliyetumbukia akifuata bata, alilala chali mwenyewe, akaita, akasubiri mpaka akatolewa. Anatembea leo. Jana kanipitia hapa dirishani kaniomba vifungo vya kuchezea, nikampa kopo zima. Sikusomea chochote, Lusungu, sina cheti hata cha ushonaji, lakini nikimwona mtoto yule anakimbia najisikia nina kichwa kikubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Ndiyo maana sikuandikii maonyo. Utakutana na watu watakaotaka kukusaidia. Wengine watatikisa kichwa wakikusaidia. Pokea tu mkono, kichwa ni chao. Mimi nilipoteza miaka mingi kwa kuchunguza vichwa. Na siku utakapokuwa na kitu cha kumpa mtu, mpe kama Bibi Eliza, bila kumkumbusha alivyokupita njiani.

Sasa nikwambie habari ya ziwa. Barua ya chuo ilipokuja nilikwenda kumwuliza dereva mmoja wa lori kama ziwa la Mwanza ni kubwa kuliko bwawa la Baba Lutengano. Alicheka mpaka akazima injini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta sababu. Ile hoja yangu kwamba ualimu unaweza kusomewa hata huku karibu, ilikuwa ni ziwa. Lile sweta la ziada lilikuwa ziwa. Kila nilipolifungua begi lako nilikuwa na dumu mkononi, natafuta pa kulirusha.

Kesho asubuhi nitasimama stendi. Basi litawasha taa, na mimi nitatembea kando yake kidogo, kama ulivyotembea ukingoni. Ukinitazama dirishani utaona nang'ata mdomo. Usishuke. Najua sasa jinsi dumu lile lilivyokuwa zito mkononi mwako, na kama mtoto wa darasa la sita aliliweza, fundi wa Mjimwema ataliweza.

Ukichoka huko katikati, unajua cha kufanya. Ulinifundisha mwenyewe.

Chini kabisa ya begi, chini ya masweta, nimekuwekea nguo mpya ya kuogelea. Ni ya bluu, nimeishona kwa mataiti mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata Makambako. Ina mfuko. Usicheke. Ni mmoja, mdogo, ndani ya kiuno, wa kuweka ufunguo wa chumba chako cha chuo ili usiuache ufukweni ukaibiwa. Hauingizi maji. Leo asubuhi ulipoondoka nilikwenda kwa Baba Lutengano, nikampa Bibi Eliza dumu akae nalo ukingoni, nikaivaa nguo hiyo, nikauweka ufunguo wa nyumba yetu ndani ya mfuko huo, nikavuka bwawa kwenda na kurudi. Ufunguo ulikuwepo, na dumu hakulirusha.

Mama yako,
Mama Lusungu, fundi.